TAHADHARI: Huyu muuza brashi za kaboni kaniingiza mjini

Jamani, nimepigwa. Mimi niliyekuwa nawacheka wenzangu kwa kununua vipuri bila kukagua. Chekeni, halafu someni.

Mota yangu ya umeme ina pete 3 zinazozunguka pamoja na rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka; brashi ni vipande vya kaboni vinavyozigusa pete kupitisha umeme. Nilitaka brashi 12, nne kila pete. Jamaa hata bei hakuanza nayo. Aliniuliza pete ni za chuma au shaba nyeusi, rota inavuta ampea ngapi. Kisha akanihubiria ule utando wa kahawia: kwamba brashi haisugui chuma kitupu, inateleza juu ya ngozi nyembamba ya oksidi na grafaiti, na bila unyevu kidogo hewani ngozi hiyo haijengeki. Yote kweli! Mtu anayeyajua hayo utamshuku vipi? Akanipa moja, nikaichora kwenye karatasi, ikaandika kama penseli, namba ya daraja, yaani ya aina ya kaboni, imegongwa safi. Zile 11 nikazipokea ndani ya boksi lililofungwa. Nikaja kulifungua usiku, kwa tochi, watu wananisubiri niwashe.

Nilizilaza kwa msasa laini hadi zikakaa kwenye mviringo wa pete. Siku ya kwanza kimya. Ya tatu, cheche na harufu. Kufungua, utando umekwanguliwa wote, pete zinang'aa kama mpya, na mifereji unaisikia kwa ukucha. Brashi moja waya wake umechomoka kwenye kaboni. Umeme ukapitia kwenye springi, springi ikaungua ikalegea, zile 3 zilizobaki zikabeba mzigo wa 4. Pete sasa zinaenda kuchongwa. Nampigia simu, ananijibu, "Mota yako ndiyo mbovu, ndugu yangu."

Ndugu yangu! Mtu huyu afungiwe duka, alipe pete, alipe na siku nilizokaa bure, na asiuze hata balbu tena. Mkizikuta brashi zake mmeshazifunga, zing'oeni leo.

Ah, dalili. Namba zote zinafanana, ila ukichora, nyingine zinakwaruza karatasi badala ya kuandika. Ndani ya boksi moja kuna aina mbili, na kwenye pete moja aina mbili hazigawani mzigo sawa, hilo nililijua tangu zamani. Waya ukiuvuta kidogo unacheza. Na kielelezo anachokupa mkononi ni kizuri kuliko vyote.

Picha za pete nitaziweka hasira ikishuka.