SQLite kwenye kuunganisha majedwali: nyepesi, lakini haikubembelezi

Kwa kanzidata inayokaa ndani ya faili moja, SQLite inaunganisha majedwali vizuri kuliko inavyodhaniwa. Kinacholipa ni kujua inavyofanya kazi.

Njia yake ni moja tu: inachukua mstari wa jedwali la nje, inatafuta wenzake kwenye jedwali la ndani, kisha inahamia mstari unaofuata. Haina hash join (njia ya kutengeneza jedwali la muda la kutafutia haraka) kama kanzidata ya PostgreSQL. Kwa hiyo bila indeksi (orodha ya kutafutia mistari haraka) umekwisha: wateja 2,000 kwa malipo 100,000 ni ulinganishaji milioni 200. Mara nyingi hujiokoa kwa kujitengenezea indeksi ya muda, ila huitupa mara kwiri (ombi la data) inapoisha, na kesho inaanza upya. Tanguliza EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya kwiri, uone itakavyotekelezwa. Ukiona AUTOMATIC COVERING INDEX (ile indeksi ya muda), au SCAN (kusoma jedwali zima) kwenye jedwali la ndani, andika:

CREATE INDEX idx_malipo_mteja ON malipo(mteja_id);

kisha ANALYZE, inayokusanya takwimu za kusaidia kupanga kwiri. Kutangaza FOREIGN KEY (kwamba mteja_id lazima iwepo kwenye jedwali la wateja) hakukutengenezei indeksi hiyo, na wengi hujikwaa hapo. Zaidi ya hayo, ukaguzi wa FOREIGN KEY kwa kawaida huja umezimwa; usipoendesha PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua muunganisho, malipo yasiyo na mteja yataingia, na INNER JOIN, inayorudisha mistari yenye mwenzake tu, itayaficha kimyakimya. Huu ndio udhaifu wake mkubwa kwetu.

RIGHT JOIN (hubakiza mistari yote ya jedwali la kulia) na FULL JOIN (hubakiza ya pande zote mbili) zilichelewa hadi toleo 3.39.0, Juni 2022. Ubuntu 22.04 ilitoka na 3.37.2, Android 13 ina 3.32, hivyo kwiri inayokubali kwenye kompyuta yako inaweza kugoma kwenye simu ya mteja. Pima kwa SELECT sqlite_version(). Au, badala ya RIGHT JOIN, geuza mpangilio wa majedwali utumie LEFT JOIN, inayobakiza mistari yote ya jedwali la kushoto.

Makosa mengine si ya SQLite, ni yetu. Ukitaka wateja wote, hata wasiolipa mwezi huu, tumia LEFT JOIN, na sharti la tarehe ya malipo likae kwenye ON (sharti la kuunganisha). Ukiliweka kwenye WHERE (kichujio cha baada ya kuunganisha), wasiolipa wanatoweka. Hesabu kwa COUNT(m.id), ambapo m ni jedwali la malipo, maana COUNT(*) humpa asiyelipa 1 badala ya 0. Na oda yenye bidhaa 3 na malipo 2, ukiunganisha yote kwa mpigo, hutoa mistari 6: jumla ya malipo inakuwa mara tatu. Jumlisha malipo kwanza kwenye kwiri ndogo, ndipo uunganishe.

Kikomo cha majedwali kwenye join moja ni 64. Ukikifikia, tatizo si SQLite.