Idhini kwa zamu au kwa mpigo?

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, lori la dagaa likishapakia, dereva anataka hela ya mafuta sasa hivi. Kwenye programu ya uhasibu, ombi lake linaweza kupita njia mbili.

Kwa zamu: mhasibu anakagua, halafu meneja, halafu mkurugenzi. Kila mmoja anasoma maoni ya aliyemtangulia. Niliwahi kuona ankara ya magunia 80 imeingizwa 800. Mhasibu akairudisha kwa aliyeiandika, na meneja hata hakusumbuliwa. Shida ni mtu mmoja akienda Ukerewe na simu ikazima: kila kitu kinalala hapo. Kwa hiyo kila mwidhinishaji awekewe mbadala, tena mapema, kabla hajapanda meli.

Kwa mpigo, wote wanapata taarifa pamoja. Ni haraka kweli, ila kila mmoja hudhani mwenzake ameshahesabu magunia.

Mimi malipo nayapitisha kwa zamu bila kusita. Mpigo nauachia mikataba, ambayo mwanasheria na meneja wanaweza kuisoma kwa wakati mmoja, na naweka sharti wote wakubali. Na kokote, mwombaji asijiidhinishie.