Jiko la kichocheo au la mabomba ya hewa: lipi linafaa Fairbanks?

Huko Fairbanks, Alaska, baridi huweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, na hewa yenye joto huifunika ile ya baridi kama mfuniko wa sufuria. Moshi wa majiko ya kuni yanayopasha nyumba joto haupandi. Unabaki chini, wanapopumua watoto. Tangu 2020, jiko jipya la kuni Marekani halitakiwi kutoa zaidi ya gramu 2 za chembechembe za moshi kwa saa, au 2.5 likipimwa kwa magogo ya kawaida.

Jiko la kichocheo lina kipande chenye matundu kama sega la nyuki, kilichopakwa metali ya paladi au platini. Moshi ukipita humo huwaka kwenye nyuzi 260 hivi, badala ya karibu 600. Hiyo ndiyo nguvu yake: unabana hewa, moto unafifia usiku kucha, na moshi bado unateketea. Lakini linataka mtu makini. Ukichoma plastiki au mbao zenye rangi, kichocheo kinakufa, na hata kikitunzwa hubadilishwa baada ya miaka kadhaa.

Jiko la mabomba hupuliza hewa moto kupitia vitundu juu ya kuni. Ni rahisi kulitunza, ila moto ukilegea tu, moshi unatoka.

Kwa baridi ya Fairbanks ningechukua la kichocheo bila kusita. La mabomba libaki kwa anayewasha jioni tu. Kuni mbichi huyashinda yote mawili. Unyevu usizidi asilimia 20: gonganisha vipande viwili, vilivyokauka hulia ko!