Google Forms kwa maoni ya siri kazini

Google Forms, huduma ya Google ya kutengeneza fomu za maswali mtandaoni, ni ya bure, inafunguka hata kwenye simu ya bei rahisi, na kwa kukusanya maoni ya wafanyakazi inatosha. Ila isipopangwa vizuri itamuumbua mtu. Ingia kwenye mipangilio, zima ukusanyaji wa barua pepe. Usiweke kikomo cha jibu moja kwa kila mtu: mjazaji atatakiwa kuingia kwanza kwa akaunti yake, na anayemwogopa bosi ataishia hapo hapo. Kasoro kubwa iko kwenye jedwali la majibu, linaloandika tarehe na saa ya kila jibu. Kwa timu ya watu sita, ukiongeza swali la idara na jinsia, jina mmeshalipata. Yaondoe maswali hayo. Na majibu ayasome mtu asiyehusika na mishahara wala likizo.