Mvinyo mwekundu wa Hombolo: mkavu lakini mpole

Familia moja ya Hombolo, Dodoma, inachanganya aina mbili za zabibu, Makutupora na Syrah, na mvinyo wao nimeupenda kweli. Makutupora peke yake huwa kali, hukausha ulimi. Syrah inaituliza na kuongeza harufu ya pilipili manga. Rangi imekolea, ukiinamisha glasi unaona zambarau ukingoni.

Ni mkavu, yaani hauna sukari, kwa hiyo waliozoea mvinyo mtamu wa Dodoma wajiandae. Mimi huuweka kwenye friji nusu saa, maana kwa joto letu harufu ya pombe inatangulia puani na kufunika matunda. Kwa mbuzi wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, sijapata unaoushinda. Kizibo ndicho dhaifu. Ukishafungua, usiuache upite kesho yake.