Kiungulia: vidonge vya kutafuna au omeprazole?

Ukichomwa kifua usiku baada ya chipsi au pilipili, kidonge cha magnesiamu cha kutafuna kinashinda kwa kasi: kinapoza asidi ndani ya dakika chache, na ni cha bei nafuu. Ila utulivu wake haudumu, na kikizidi huharisha. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Omeprazole haipozi asidi iliyokwisha kumwagika, bali hupunguza inayotengenezwa. Hunywewa asubuhi, nusu saa kabla ya kula, na huchukua siku 1 hadi 4 kufanya kazi kikamilifu. Anayechomwa mara mbili au zaidi kwa wiki itamfaa kuliko kutafuna kila siku. Usipitishe siku 14 bila kupimwa.

Hapa nasisitiza: chakula kikikwama kooni, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, dawa zote mbili zitakuchelewesha tu. Saratani ya umio (njia ya chakula kwenda tumboni) iko juu Afrika Mashariki, nenda hospitali. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, nenda saa hiyo hiyo, huenda ni moyo.