Bestiari ya Aberdeen mtandaoni: nyota nne, na sababu zake

Mimi nachora wanyama kwenye vitabu vya watoto, na tovuti ninayoipenda kuliko zote kwa kazi hii ni ya Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti. Wameweka humo Bestiari ya Aberdeen, yaani kitabu cha kale cha picha na visa vya wanyama, ukurasa kwa ukurasa, bure kabisa. Kitabu hicho kiliandikwa kwa mkono Uingereza, yapata mwaka 1200, kwa Kilatini, juu ya ngozi. Wanyama wengi wana visa vyao, na baadhi wana fundisho la Kikristo.

Tovuti ilianza mwaka 1996, lakini uhondo wenyewe ni picha mpya za 2016. Fungua ukurasa wa kalunguyeye, kisha ukuze. Wamejiviringisha juu ya zabibu, punje zimenasa kwenye miiba, wanawapelekea watoto wao. Kuna picha ambazo ukizikuza zaidi unaona vitundu vya sindano vimezunguka umbo la mnyama: fundi alipitishia humo unga wa mkaa ili anakili mchoro kwingine. Pembeni mwa kurasa kuna madoa ya vidole vya waliozifunua. Kwa mchoraji, hiyo ni shule.

Visa navyo vitamu. Tembo, wanasema, hana viungo vya magoti, hivyo hulala ameegemea mti. Mwindaji anaukata mti nusu, tembo anaegemea, chini! Analia. Anakuja tembo mkubwa, anashindwa kumwinua. Wanakuja 12, wanashindwa. Mwishowe anakuja mdogo, anapitisha mkonga chini yake na kumnyanyua. Yule mkubwa ni Torati, wale 12 manabii, mdogo ni Kristo. Nimekulia jirani na Mikumi na najua fika tembo anakunja magoti, lakini kisa kimepangwa kwa ustadi hata natamani kukichora.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu maelezo na tafsiri ni kwa Kiingereza tu, na maandishi ya baadhi ya wanyama ni marefu. Picha kubwa nazo zinakula bando, kwa hiyo tafuta Wi-Fi na utumie kompyuta, si simu. Halafu kuna kurasa zilizopotea tangu zamani. Hapo usikate tamaa: fungua bestiari nyingine, Ashmole 1511, kwenye tovuti ya maktaba ya Bodleian, Oxford. Ni ndugu yake wa karibu, na picha zake nazo zimemetameta dhahabu.